Shamba la kale la miembe na minazi Mwakirunge: nianze wapi?

ShambaMwakirunge
Asalaam aleikum wanashamba. Nataka ushauri wa wanaojua miti mikubwa, si miche.

Shamba liko Mwakirunge, ekari tatu na kidogo, na halijashughulikiwa kwa zaidi ya miaka kumi. Miembe ni 31. Upande wa barabarani imepandwa kwa mistari, kama futi 30 kutoka mti hadi mti, na matawi yamefungana huko juu hadi chini ni giza mchana. Upande wa bondeni imejiotea ovyo. Kumi na miwili ni Ngowe, mitatu Boribo, sita Dodo. Iliyobaki ni ya vijiembe vya nyuzi visivyo na jina. Matunda hutoka kileleni tu, na mengi huanguka yakiwa na funza. Mwaka juzi miti ilizaa sana, mwaka jana karibu hakuna kitu, msimu huu uliokwisha imezaa tena sana.

Miti minane ina kile kimea kinachoota juu ya matawi, chenye majani mazito na maua mekundu. Mitatu ina mashimo shinani, mmojawapo mkono waingia hadi kiwiko. Mchwa wamepanda kwenye mingi.

Kuna minazi kama 40, mirefu mno na nazi chache, na minne kati yake imekatika vichwa imebaki nguzo. Mikorosho ni sita. Michungwa miwili, nusu yake imekauka. Kisima kipo lakini maji yana chumvi kidogo.

Nimepewa shauri tatu zinazopingana: ng'oa yote na upande miembe ya aina ya Apple; kata yote usawa wa kifua; au usiguse kitu, mwaga mbolea tu. Pesa ipo ya kufanya kidogokidogo. Sasa ni mwisho wa Februari. Nianze na lipi?

FundiMiti_Likoni
Waaleikum salaam. Katika hizo tatu, ya mbolea ndiyo mbaya zaidi. Mti unaozaa kileleni tu haukosi chakula, unakosa mwanga. Ukiumwagia mbolea utatoa majani zaidi huko huko juu, kivuli kitazidi, na matawi ya chini yaliyobaki hai yatakufa. Mbolea ije mwisho, baada ya msumeno.

Kabla ya msumeno nunua kopo la rangi. Piga alama kila shina sasa hivi, wakati bado wakumbuka mti upi ulizaa nini. Alama moja kwa mti wa kubaki ulivyo, nyingine kwa mti wenye shina zima lakini embe lake haliuziki, na msalaba kwa mti wa kuondoka. Kwenye mistari ya futi 30 huwezi kubaki na yote. Panapokuwa na Ngowe mbili na kiembe cha nyuzi katikati, hicho cha katikati ndicho kiondoke, na hizo mbili zitajaza nafasi yake wenyewe.

Kisha safisha chini. Fyeka vichaka, lakini chini ya mwembe usilime kwa jembe kwa kina. Mizizi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na ukiikata wakati huohuo unakata na matawi, mti unapata pigo mara mbili. Panga na reki vyatosha.

Baada ya hapo ndiyo kuni kavu na kile kimea chako. Hicho ni kirukia. Wengi hukivunja kwa mkono wakadhani wamemaliza, na baada ya mvua kinachipua tena, kwa sababu mizizi yake imo ndani ya ubao wa tawi. Kata tawi lenyewe, angalau futi moja chini ya pale kiliposhika, kwa upande wa shina. Kikiwa kimekaa kwenye tawi kubwa usiloweza kulipoteza, kichonge hadi usawa wa gome na urudie kila kinapochipua; hakitakufa mara moja lakini kitadhoofika. Fanya kabla vitunda vyake havijaiva. Mbegu yake inanata, ndege akiila huipaka kwenye tawi jingine, na kazi inaanza upya.

Sasa urefu. Miti yenye alama ya kubaki ishushe kwa miaka mitatu. Mwaka huu toa tawi moja au mawili tu kwa kila mti, yale makubwa yaliyosimama wima katikati, ili jua lifike ndani. Mwaka wa pili na wa tatu endelea na yaliyobaki hadi kilele kiwe kama mita 4 au 5, mtu aweze kuchuma kwa upondo kutoka chini. Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya theluthi ya majani. Kila ukikata, kata mpaka kwenye tawi dogo linaloelekea nje. Usiache kisiki kirefu kisicho na jani: kitakauka, kitaoza, na uozo utashuka hadi kwenye shina.

Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza toka futi moja nje ya shina, kata kwa chini, theluthi moja ya unene. Pili songa inchi mbili tatu nje zaidi, kata kwa juu hadi tawi lianguke. Tatu ondoa kile kisiki karibu na shina, nje kidogo ya ule mkunjo wa gome ulio mzizini mwa tawi. Ukikata mara moja kwa juu, tawi huvunjika kabla halijakatika na kuchuna gome la shina hadi chini, na kidonda hicho hakifungiki kwa miaka.

Kidonda chochote kinachozidi unene wa mkono kipake dawa ya mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa: mrututu kilo 1, chokaa kilo 1, maji lita 10. Yeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki kwa nusu ya maji, chokaa kwenye ndoo nyingine, halafu mimina mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Ndoo ya bati usitumie, italika. Chovya msumari msafi dakika moja: ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha, ongeza. Tumia siku hiyohiyo, ikilala haishiki.

Jambo linalosahauliwa ni jua. Tawi lililokaa kivulini miaka ishirini gome lake ni laini. Ukilifunua sasa, jua la Machi litalichoma upande wa juu, gome lipasuke na wadudu waingie. Siku hiyohiyo ya kukata, paka chokaa ya maji sehemu zote zilizofunuliwa, nzito kama rangi ya ukuta.

Wakati ni huu. Miti imetoka kuzaa sana, kwa hiyo mwaka ujao ingepumzika hata usingekata, nawe ukikata sasa utapoteza embe chache tu. Malizia kabla masika hayajashika. Mvua ya Aprili na Mei ikikuta vidonda vibichi inaleta ukungu, basi kilichobaki kingoje hadi Agosti, na hapo uangalie mti ambao hautoi maua.

Na la mwisho: mlipe mkataji kwa mti, kuni zibaki zako. Ukimwambia ajilipe kwa kuni, atakata matawi manene mazima na kukuachia yale makavu membamba.

Kisauni_Kwetu
Naheshimu maneno ya Fundi lakini kupanda mti mmoja miaka mitatu mfululizo ni gharama mara tatu: mkataji, kamba, kubeba matawi, kila kitu. Mwembe wenye afya ukikatwa mara moja usawa wa mita moja na nusu unachipua vizuri, na miaka mitatu baadaye unazaa chini kwa chini. Kwa mtu anayetaka shamba la biashara, kata nusu ya shamba mwaka huu, nusu nyingine baadaye.

FundiMiti_Likoni
Kisauni, hatupingani sana. Kwa ile ya nyuzi ambayo itabebeshwa, yaani kuunganishiwa kijiti cha aina bora, kata mara moja. Lakini kwa Ngowe ya zamani, ukiondoa majani yote mti unaishi kwa akiba iliyo kwenye shina na mizizi tu. Shina zima litastahimili. Shina lenye shimo au mchwa laweza kutoa machipukizi mwezi wa kwanza, ukafurahi, kisha likakauka lote kiangazi kinachofuata. Kwa hiyo hata ukikata kwa nguvu, acha tawi moja lenye majani, liulishe mti hadi machipukizi yakomae, ndipo ulitoe.

Kuhusu kung'oa na kupanda Apple: si embe baya, na asili yake ni huku huku Pwani. Lakini hushikwa haraka na ubwiri unga na chule, magonjwa mawili ya ukungu, na unyevu wa huku haulisaidii. Mche uliobebeshwa utangoja miaka mitatu minne kabla ya kuzaa cha maana, na kila kiangazi uumwagilie, kwa maji yale ya chumvi uliyoyataja. Mwembe wa zamani mizizi yake imeshafika chini, hauombi maji.

BiMiche_Mtwapa
Salaam nyote. Nitazungumzia kubebesha tu, kwa sababu ile miti kumi ya nyuzi ndiyo hazina ya shamba hilo. Shina lipo, mizizi ipo, kilichokosekana ni kichwa.

Usibebeshe juu ya gome kuu la mti mzee. Watu hujaribu, hufaulu mara chache, na upepo wa kusi huja ukavunja. Njia ya uhakika ni kukata sasa na kungoja machipukizi. Kata shina au matawi makuu urefu wa mita moja hadi moja na nusu kutoka chini, kwa mshazari ili maji yasituame. Baada ya wiki tatu hadi sita yatatoka machipukizi mengi sana. Yakifika urefu wa shibiri, chagua manne au matano kwenye kila kisiki, yenye nguvu, yaliyoachana kuzunguka kisiki, na yaliyotoka karibu na ukingo wa mkato. Mengine yote yavunje. Ukiyaacha yote yatashindana na hakuna litakalonenepa.

Chipukizi likifikia unene wa kalamu ya risasi, na gome lake likaanza kuacha ubichi, liko tayari. Kwa mti uliokatwa Machi hiyo ni Agosti hadi Oktoba, na ni wakati mzuri kwa sababu masika yamepita na vuli haijashika. Mvua ikiingia kwenye kiungo kabla hakijashika, kinaoza.

Vijiti vya kubebesha vitoe kwenye zile Ngowe zako bora, lakini ziteue leo, kwa rangi, si kwa kukumbuka. Kijiti kizuri ni ncha ya tawi iliyokomaa, ya duara, unene sawa na chipukizi, urefu wa sentimita 10 hadi 15, isiyo na majani machanga. Siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata, ondoa majani yake yote ukiacha vikonyo vifupi. Jicho la ncha litavimba, na hapo ndipo kikate. Kikiwa tayari kimetoa maua au kinaelekea kutoa, kiache. Tatizo la Agosti ni hilo, ncha nyingi zinataka kutoa maua, kwa hiyo tafuta upande wa mti uliotulia.

Kisu kiwe kikali cha kunyoa, na kisafishwe kwa spiriti kila unapohamia mti mwingine. Kata chipukizi lako urefu wa sentimita 20 hivi kutoka kisikini, lipasue katikati kina cha sentimita 3 hadi 4. Chonga kijiti pande mbili kiwe kabari ya urefu huohuo, kwa mkato mmoja kila upande. Ukichonga mara nyingi uso unakuwa na mawimbi na haukutani. Kichomeke. Kama unene haulingani, linganisha upande mmoja tu, gome kwa gome. Ukikiweka katikati kwa kupendeza macho hakuna kitakachoshika. Funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukipanda nusu ya ule uliotangulia, ubane kweli. Juu vika kikaratasi kile chembamba cha barafu za kuuza, ukifunge chini ya kiungo, na upate kivuli kidogo cha makuti.

Baada ya wiki tatu hadi nne ukiona jicho limefunguka, ondoa kikaratasi jioni, si mchana. Utepe ubaki hadi majani ya awamu ya pili yakomae, kisha uukate kwa upande wa nyuma. Ukiusahau utazama kwenye gome na kiungo kitavunjika siku ya upepo. Kila chipukizi jipya linalotoka chini ya kiungo livunje kwa mwaka wa kwanza wote, maana lile la nyuzi lina nguvu kuliko Ngowe na litaimeza.

Bebesha machipukizi yote manne au matano ya kisiki, usitegemee moja. Yakishika yote, bakisha matatu. Mwaka wa kwanza maua yakitoka yavunje, viungo bado ni vichanga.

ShambaMwakirunge
Shukran sana. Niulize mawili. Ile miti mitatu yenye mashimo, jirani aniambia niijaze saruji. Na mchwa niwapulizie dawa gani?

FundiMiti_Likoni
Saruji usiweke. Mti unayumba na saruji haiyumbi, kwa hiyo panabaki ufa, maji yanaingia na hayakauki, na ubao unaoza nyuma ya saruji mahali usipoona. Toa uozo ulio laini kwa patasi au kijiko, ukifika kwenye ubao mgumu simama, hata kama una rangi mbaya. Usichimbe hadi ubao mweupe, ile ngozi ngumu ndiyo mti ulivyojikinga. Kama shimo linatuamisha maji, lifunike kwa kipande cha bati kilichoinama, hewa iingie. Kisha punguza uzito juu yake: mti wenye shimo ndio wa kufupishwa mwanzo, kwa sababu kusi ikivuma ndio utakaoanguka. Ule wa mkono hadi kiwiko ugonge kwa nyundo kuzunguka shina. Ukisikia mlio mtupu zaidi ya nusu ya mzunguko, upige msalaba, hasa ukiwa karibu na njia.

Mchwa wengi wanakula gome lililokufa na kuni kavu, si mti hai. Kwangua udongo wao, angalia chini yake. Gome likiwa kijani ukikwaruza kwa kucha, hakuna madhara. Ondoa kuni zote kavu shambani, usirundike majani kwenye shina, acha duara tupu la futi moja na nusu, na wengi watahama bila dawa. Ukiona vitundu vyenye unga wa mbao unaotoka, huyo ni buu wa mbawakawa, mwingizie waya wa baiskeli hadi uhisi amepasuka, kisha ziba kwa udongo.

Na anayekata avae mikono mirefu. Utomvu wa mwembe unababua, wa mkorosho zaidi, na ukirukia jichoni ni hospitali.

AfisaKilimo_Mstaafu
Kuhusu funza, tofautisha wawili, dawa zao si moja. Pasua embe lililoanguka. Ukikuta funza wengi weupe kwenye nyama inayooza, huyo ni nzi wa matunda. Yule aliyetuharibia soko aliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Ukikuta nyama nzima lakini kokwa ndani limeliwa na kuna kidudu kimoja cheusi chenye mdomo mrefu, huyo ni fukusi wa kokwa.

Fukusi hutaga kwenye tunda changa na buu wake huingia kokwani mara moja, basi ukipulizia embe likiwa kubwa umepoteza pesa. Anangoja msimu hadi msimu kwenye nyufa za gome na makokwa yaliyolala chini. Okota makokwa yote chini ya miti sasa hivi, uyachome. Hiyo ni kazi ya Machi, na kwa fukusi ina faida kuliko chupa yoyote ya dawa.

Nzi wa matunda hudhibitiwa kwa kuokota embe zilizoanguka kila siku mbili, maana funza akitoka kwenye tunda huingia ardhini na kurudi akiwa nzi. Kuzika ni kina cha nusu mita kwenda chini. Ukifukia juu juu nzi watatoka. Zamani tulisema zitie kwenye mfuko mweusi wa plastiki uufunge juani, lakini mifuko ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo zitie kwenye pipa lenye kifuniko, ulijaze maji, zikae siku kadhaa hadi funza wafe, halafu hayo mabaki yaende kwenye mboji. Mitego ya methili eujenoli inanasa madume tu, inakuonyesha wingi wao lakini peke yake haiokoi matunda. Iambatane na chambo cha protini kinachopuliziwa sehemu ndogo ya majani, kama mita moja ya mraba kwa kila mti, kila wiki, kuanzia tunda likiwa la ukubwa wa yai hadi kuvuna. Si lazima uloweshe mti mzima, majike wanakuja wenyewe kwa njaa.

Ukikuta chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, maji moto, usiwaue. Wanawafukuza nzi na kunguni wa nazi. Wachumaji watalalamika, wajipake majivu mikononi.

Maua: ukiyaona yanapata unga mweupe na kudondoka, ni ubwiri unga. Salfa ya unga inayoyeyuka, gramu 40 hadi 60 kwa pampu ya lita 20, bua la maua likianza kurefuka kabla halijafunguka, urudie baada ya siku 10 hadi 14. Asubuhi mapema au jioni, salfa kwenye jua kali inaunguza maua yenyewe. Mvua ikinyesha wakati wa maua, adui ni chule: madoa meusi kwenye bua na embe changa. Hapo ni dawa ya kopa, gramu 50 hadi 60 kwa lita 20. Soma kibandiko, na nunua chupa yenye nambari ya usajili. Mti wa ghorofa tatu hauwezi kuufikia kwa pampu ya mgongoni, hii nayo ni sababu ya kuushusha kabla ya kuzungumza dawa.

Mbolea, kwa miti iliyokwisha kukatwa: mwanzo wa masika samadi iliyooza kilo 30 hadi 50 kwa mti, na NPK 17-17-17 kilo moja hadi moja na nusu. Usimwage kwenye shina. Chimba mfereji wa kina cha kiganja kwenye mzunguko ambapo ncha za matawi zinaishia, weka, fukia. Mti uliokatwa kisiki usiupe NPK mwaka huu, utatoa machipukizi marefu dhaifu yanayovunjika. Majani mapya yakiwa membamba na yamebanana nchani, pengine mwamba wa matumbawe uko karibu na mti unakosa zinki: salfeti ya zinki gramu 60 kwa lita 20, nyunyiza majani mapya. Pima udongo kwanza, waulize KALRO Mtwapa, kituo cha utafiti wa kilimo, utaratibu.

Maji ya kisima: ncha za majani zikikauka hudhurungi kama zimeunguzwa, ni chumvi. Mwembe mkubwa usiumwagilie kabisa, unahitaji ukavu ili utoe maua. Hayo maji wape minazi.

Mnazi_Mtongwe
Minazi imesahauliwa kidogo. Mnazi haurudishwi ujana. Una kichwa kimoja na jicho moja la kukua, ukikata umeua. Mirefu yenye nazi chache iache iendelee kutoa kile inachotoa, na katikati yake panda michanga, mita 8 au 9 kutoka mche hadi mche. Michanga ikianza kuzaa ndipo uangushe wazee.

Zile nguzo nne zisizo na vichwa ziondoe wiki hii. Chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, hutaga kwenye shina la mnazi linalooza na kwenye rundo la samadi, kisha anapanda kutoboa vichwa vya mizima. Ukiona makuti yamekatwa kwa umbo la feni, ndiye huyo. Pasua magogo, yakauke, yachomwe au yauzwe, usiyaache yalale. Na samadi utakayoleta kwa miembe ipekue kila mwezi, mabuu makubwa meupe yaliyojikunja uwape kuku. Mnazi mchanga ulioshambuliwa, mtoe chonga kwa waya wenye ndoana, kisha jaza mchanga kwenye makwapa ya makuti ya katikati.

Jingine si la kilimo. Huku kwetu mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe tofauti. Kuna mwembe uliouzwa, uliowekwa rehani, au ulioachiwa shangazi, na ardhi ikabaki kwa mwingine. Kabla ya kupiga msalaba wowote, hasa ile ya bondeni, kaeni na wazee na majirani mtaje mti kwa mti, muandike. Kisha pita kwa chifu uulize kibali cha kukata na cha kusafirisha magogo. Lori la magogo ya mwembe bila karatasi halifiki mbali.

ShambaMwakirunge
Allah awabariki. La wenyewe sikuliwaza kabisa, na kweli kuna miembe miwili bondeni ambayo mzee mmoja huja kuchuma kila msimu na hakuna anayemuuliza. Nitaanza na rangi, makokwa na kirukia, nguzo za minazi ziondoke. Mikorosho na michungwa je?

BiMiche_Mtwapa
Mikorosho inataka nafasi kuliko mwembe, mita 12 kati ya mti na mti, kwa sababu inazaa kwenye ncha zinazoona jua, pembeni kote. Kama matawi yanagusana, toa mmoja kati ya miwili. Iliyobaki toa matawi makavu na yale yanayoburura chini, usiiguse zaidi mwaka huu.

Michungwa, fukua udongo kwenye shina hadi uone mizizi mikuu inapoanzia. Shina la mchungwa likizikwa linaoza. Gome likitoa gundi na ukikwaruza ni kahawia kuzunguka zaidi ya nusu, ng'oa. Likiwa kijani, kata makavu hadi ufike ubao hai, paka mrututu, ungoje masika. Ukiona tawi lenye nguvu limetoka chini kabisa na majani yake hayafanani na mengine, hilo ni la shina la chini, litakupa ndimu chungu tu. Livunje likiwa changa.

FundiMiti_Likoni
Ile miwili ya mzee iache nje ya hesabu hadi mzungumze naye. Na kama ni Ngowe, muulize mti huo una umri gani na huzaa mwezi upi. Ngowe inayozaa mapema au nje ya msimu ndiyo ya kuchukua vijiti, soko la Kongowea wanailipia zaidi kuliko ile inayoingia sokoni Januari na kila mtu.